Somo: Qt na alama zinazomeza maandishi ya vitufe vyako

Wakuu, salaam. Leo nawaletea jambo lililonitesa wiki nzima. Mimi natumia PySide6, yaani Qt (maktaba ya kutengenezea madirisha na vitufe vya programu) kwa Python, ila mnaoandika kwa C++ mambo ni yale yale.

Niliandika programu ya stoo kwa duka la vifaa vya ujenzi. Siku ya pili mwenye duka akanipigia: "Fundi, hapa umeruka neno." Kwenye kanzidata kundi la bidhaa ni "Nondo & Misumari", kitufe kinasema "Nondo Misumari". Nikafanya kosa la haraka haraka: nikaingia kwenye kanzidata nikaandika && badala ya &. Kitufe kikapona. Jioni risiti zikaanza kutoka na "Nondo && Misumari", na mteja mmoja akauliza kama hiyo ni bei ya mara mbili.

Kwa Qt, maandishi si maandishi tu. Kila kifaa cha kwenye dirisha kina lugha yake ya kuyasoma. Maelezo yapo, lakini yametawanyika: moja liko ukurasa wa QLabel (lebo), lingine wa QWidget (kifaa cha msingi), na moja sijalikuta popote ila kwa kudokezwa tu.

Hatua ya 1: jionee mwenyewe

from PySide6.QtWidgets import *
app = QApplication([])
w = QWidget()
v = QVBoxLayout(w)
t = "Nondo & Misumari"
v.addWidget(QLabel(t))
v.addWidget(QPushButton(t))
w.show()
app.exec()

Lebo itaonyesha & kama ilivyo. Kitufe kitaimeza, kwa sababu kwake & maana yake ni "herufi inayofuata ndiyo ya kubonyeza pamoja na Alt". Hapa herufi inayofuata ni nafasi tupu, kwa hiyo huoni herufi yoyote iliyopigiwa mstari. Wanaomeza ni QPushButton, QCheckBox, QRadioButton, QGroupBox, vichwa vya QTabWidget, na menyu. Jedwali, orodha na QLineEdit (kisanduku cha kuandikia) havigusi.

Hatua ya 2: rekebisha mlangoni, si stoo

def kwa_kitufe(s):
    return s.replace("&", "&&")

Iite pale tu unapokikabidhi kitufe maandishi yake. Kanzidata ibaki na & moja.

Hatua ya 3: tagi za HTML

Hapa ndipo penye utamu. QLabel ikiachwa bila maelekezo inakisia yenyewe kama umeipa maandishi ya kawaida au HTML (maandishi yenye tagi za kuyapamba, kama <b> ya kukoleza). Inatafuta kitu chenye sura ya tagi inayoifahamu, na inatafuta kabla ya mwisho wa mstari wa kwanza tu. Jaribuni hizi mbili:

QLabel("Mauzo ya leo\n<b>Jumla</b>")
QLabel("<b>Jumla</b>\nMauzo ya leo")

Ya kwanza itaonyesha <b> na </b> mbichi, kwa sababu mstari wa kwanza hauna tagi. Ya pili itakoleza neno Jumla, lakini mistari yote miwili itaungana kuwa mmoja, maana ndani ya HTML \n ni nafasi tu, unatakiwa kuandika <br>. Mtu akiliona hili mara ya kwanza anadhani kompyuta imerogwa. Ukiandika <jina> haina shida, itaonekana kama ilivyo, kwa kuwa hakuna tagi ya jina hilo.

Kwa maandishi yanayotoka kwa mtumiaji usiache Qt ikisie:

lebo.setTextFormat(Qt.PlainText)

Qt unaiagiza kutoka PySide6.QtCore. Ukihitaji HTML na jina la mteja humo humo, pitisha jina kwanza kwenye html.escape ya Python, inayogeuza < na & zisisomwe kama HTML.

Hatua ya 4: kichwa cha dirisha

Kwenye setWindowTitle, [*] ni mahali pa nyota ya "hujahifadhi". Inaonekana ukiita setWindowModified(True), vinginevyo inafichwa. Ukitaka [*] yenyewe isomeke, iandike mara mbili mfululizo.

Hatua ya 5: ile iliyojificha

Herufi U+009C inatenganisha maandishi marefu na mafupi:

QPushButton("Hifadhi mabadiliko yote\u009cHifadhi")

Nafasi ikitosha Qt inachora la kwanza, ikibana inachora la pili. Kwa Kiswahili hii ni dawa, kwa sababu kitufe kilichopimwa kwa neno "Save" mara nyingi hakitoshi tafsiri yetu. Kwenye C++ tumia QChar(0x9c). Ukiibandika kama baiti tupu ndani ya UTF-8 itaharibika.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, lebo yangu ilikuwa inaonyesha & vizuri. Nimeongeza setBuddy ili Alt ipeleke kwenye kisanduku cha kuandikia, & imepotea. Nimekosea wapi?

Jibu: Hujakosea. QLabel ikishapewa mwenzake inaanza kusoma & kama kitufe kinavyosoma. Tumia && kwa lebo hiyo peke yake.

Swali: Kaka, maelezo yanayojitokeza nikiweka kipanya juu ya kitufe yanatoka mstari mmoja mrefu hadi nje ya skrini.

Jibu: Anza maandishi na <qt>. Yakishakuwa HTML yanajikunja yenyewe. Kumbuka kwamba ndani yake < na & zinahitaji html.escape.

Swali: Nimeweka "Hifadhi\tCtrl+S" kwenye menyu. Ctrl+S inaonekana kulia, nabonyeza hakuna kitu.

Jibu: \t inapamba tu, dada. Iondoe, kisha tumia setShortcut("Ctrl+S"). Qt itaandika hiyo Ctrl+S yenyewe, na itafanya kazi.

Swali: Nina vitufe vitatu, &Fungua, &Funga na &Futa. Alt+F inarukaruka tu, haibonyezi.

Jibu: F moja ina wenyewe watatu, kwa hiyo Qt inahamisha alama ya uteuzi bila kubonyeza chochote. Gawanya: &Fungua, Fun&ga, Fu&ta. Na hiyo ya Futa mimi ningeiacha bila herufi kabisa. Mtu akiteleza kidole asipoteze mauzo ya siku.