Kuandaa gita ya mi-solo: nyuzi kwanza, pedali baadaye

Vijana wengi wa hapa Lubumbashi wakishika gita ya umeme huuliza ni pedali gani inayoleta ile sauti inayong'aa ya sebene, sehemu ya kasi ya wimbo ambako magita hutawala. Mara nyingi pedali wanazo tayari. Kinachokosekana ni nyuzi zilizopangwa vizuri, na uzi mmoja usio wa kawaida. Maelezo haya ni ya mpiga mi-solo, yaani gita ya kati, baina ya ridimu na solo. Mpiga solo aruke hatua ya kwanza.

1. Badilisha uzi wa nne

Kuanzia uzi mnene, gita hupangwa mi, la, re, sol, si, mi. Kwa mpango wa mi-kompoze, toa ule uzi wa re na mahali pake uweke mwembamba, sawa na uzi wa kwanza (0.009 au 0.010). Ukaze mpaka re ya oktavu ya juu. Re ya kawaida ni hezi 146.8, hii itafika 293.7. Hautakatika kwa kukazwa hivyo, kwa sababu uzi wa kwanza, wenye unene uleule, unavumilia hezi 329.6.

2. Panga sauti

Zima pedali zote isipokuwa akorderi, kifaa cha kupimia noti. Programu ya simu inafaa pia, mradi isomeke la = 440. Uzi mpya uvute kwa vidole mbali kidogo na ubao, upange, uvute tena, mpaka uache kushuka. Na siku zote fikia noti ukitokea chini: ukipitiliza, legeza hadi chini ya noti kisha upande. Ukiishia kwa kulegeza, uzi utateleza kwenye ufunguo katikati ya wimbo.

Hakikisha re ya juu kwa sikio. Bonyeza uzi wa pili (si) kwenye freti ya 3 (freti ni vile vipau vya chuma shingoni): lazima usikike sawa na ile re ikiwa wazi. Kisha bonyeza re yenyewe kwenye freti ya 2, ilingane na uzi wa kwanza ukiwa wazi. Ukisikia mawimbi, wuu-wuu-wuu, bado.

Mwezi wa sita na wa saba, jioni za baridi, usipange gita ndani ya nyumba halafu ukaenda kupiga uwanjani Katuba ukidhani umemaliza. Chuma cha nyuzi husinyaa kwa baridi na sauti hupanda. Iache gita izoee hewa ya pale kwanza, ndipo upange.

3. Rekebisha daraja

Hatua hii wengi huiruka, na hapo ndipo gita inapokuwa sawa kwenye freti za mwanzo na kuharibika huko juu ambako sebene inachezwa. Piga hamoniki juu ya freti ya 12 (gusa uzi tu bila kuubonyeza), halafu bonyeza noti hiyohiyo. Noti iliyobonyezwa ikiwa juu kuliko hamoniki, sogeza kitandiko cha uzi huo (kile kipande cha daraja kinachoubeba) nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Ule uzi mwembamba wa nne karibu kila mara utataka kwenda mbele, maana nafasi yake ilipimwa kwa uzi uliosokotwa. Kila ukisogeza, panga upya.

4. Unga pedali

Gita, akorderi, kompresa, ovadraivu (ya kukwaruza sauti) kama unayo, korasi, dilei (inayorudia noti), riverbu (mwangwi wa ukumbi), ampli. Kompresa hutangulia ili noti zote zitoke na nguvu moja. Ukiiweka mwishoni itainua pia mikia ya dilei na kukuchafulia kila kitu.

Korasi iwe ndogo sana. Inafanya kazi kwa kuyumbisha sauti kidogo, kwa hiyo gita isiyopangwa itazidi kuwa mbaya nayo.

Dilei ihesabu kwa mwendo wa ngoma: gawa 60,000 kwa idadi ya mapigo kwa dakika. Kwa mapigo 120 unapata milisekunde 500. Nusu pigo ni 250, na hiyo ndiyo naipenda kwa mi-solo. Marudio mawili yanatosha. Riverbu, ndani ya kanisa lenye kuta za matofali na bati juu, izime kabisa. Ukumbi wenyewe unakupa ya bure. Jean Bosco Mwenda, mpiga gita wa Katanga aliyerekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952 kule Jadotville, Likasi ya leo, alipiga gita kavu na vidole vyake vikasikika nchi nyingi.

5. Umeme

Pedali nyingi hutaka volti 9, hasi ikiwa katikati ya plagi, lakini si zote. Soma alama kabla ya kuchomeka. Jumlisha pia miliampea za pedali zote: adapta isizidiwe. Ukisikia mngurumo ukitumia jenereta, jaribu pedali moja kwa betri. Ukitoweka, adapta ndiyo yenye kosa. Na ukimaliza kupiga, chomoa jeki ya upande wa gita kwenye pedali ya betri, maana ikibaki humo betri inaendelea kuliwa usiku kucha.