Kukarabati nyumba ya wazazi wakiwa bado wanaishi humo: nini kianze, hela iende wapi

Desemba watu wakienda nyumbani ndo wanaona nyumba ya wazazi ilivyochoka, bati limeota kutu, choo kinatitia, grupu la familia linachemka siku mbili tatu kila mtu anaahidi, halafu Januari ada za shule zinakuja zinameza yote mpaka Desemba nyingine. Kama nyie safari hii mmeamua kweli, nawaomba kitu kimoja kabla hamjanunua hata mfuko mmoja wa sementi: mtengenezeeni mzee nyumba anayoishi yeye, sio nyumba mnayotaka kufikia nyie wakati wa sikukuu. Familia nyingi zinaanza na marumaru sebuleni na geti la mbele, huku bi mkubwa bado anaamka saa nane usiku anatoka nje kwenda choo cha shimo anapapasa ukuta gizani, na hili linaniuma sana.

Muulizeni mwenyewe, ila msimuulize watoto wote mmekaa kikao, hapo atawajibu "mimi sina shida wanangu, somesheni watoto wenu" na mazungumzo yameishia hapo. Mmoja wenu akae nae kutwa nzima, amfuate anapopita, kitandani mpaka chooni, chooni mpaka jikoni, jikoni mpaka kwenye bomba la maji, aangalie anasimama wapi kupumzika na anashika wapi. Kwenye nyumba ya mzee utakuta kuna sehemu rangi ya ukuta imekuwa nyeusi inang'aa kwa jasho la mkono, kwenye kona ya korido, pembeni ya mlango wa uani, hapo ndo anapojishikilia kila siku ya Mungu. Chukua chaki pazungushie, maana hapo ndo panataka bomba la kushikilia, sio pale fundi atakapoona panapendeza. Na yule ndugu anayeishi nae, mara nyingi dada mdogo au mjukuu, ambaye hana hela ya kuchangia kwa hiyo kwenye vikao anaambiwa we nyamaza, huyo msikilizeni kuliko wote kwa sababu ndo anayejua ndoo inawekwa wapi mvua ikinyesha.

Sasa kazi yenyewe. Maji kwanza, yaani kabla ya chochote zuieni maji yasiingie juu na yasikae chini, maana ukipiga rangi na silingi bodi chini ya paa linalovuja umemwaga hela. Kwa sisi wa Tanga, Kilimanjaro, Pwani na kwingine kwenye misimu miwili, masika ni Machi mpaka Mei na vuli Oktoba mpaka Desemba, kwa hiyo paa lifunguliwe kuanzia Juni, sio mfungue Machi kisa ndo hela imepatikana. Kujua panapovuja ingia darini mchana jua kali, zima tochi, kila tundu litaonekana kama nyota, weka alama. Ila kumbuka doa kwenye silingi sio lazima liwe chini ya tundu, maji yanaweza kuingia juu kwenye kofia, lile bati la kileleni mwa paa, yakatembea na mbao ya kenchi mita mbili ndo yadondokee chumbani, kwa hiyo fuata mbao ilipolowa kwenda juu. Wakati huo huo beba bisibisi uichome mbao, ikiingia kirahisi au ukigonga inalia tupu, hiyo imeliwa na mchwa na lazima itoke, na ukiona vinjia vya udongo vinapanda ukutani kutoka kwenye msingi jua wameshafika juu, piga dawa kuanzia chini.

Kama ni misumari tu imelegea na raba zimekauka, badilisha misumari, hamna haja ya kuezua nyumba nzima. Kama bati limeoza, nunua geji 28 badala ya 30 au 32 kama mfuko unaruhusu, namba ikiwa ndogo ndo bati nene, wauzaji wengine wanawazungusha watu hapo. Bati la mawimbi msumari unapigwa juu ya mgongo wa wimbi, sio kwenye bonde maji yanapopita, simama uangalie. Na nyumba za mjini za zamani zenye vile vigae vya kijivu vizito vya asbesto, jamani msivikate, msivitoboe wala msivivunje kienyeji, vumbi lake linaleta kansa ya mapafu, muoneni bwana afya kwanza awaelekeze vitolewe vipi na vitupwe wapi.

Chini nako. Nyumba zetu uwanja unafagiliwa kila asubuhi, udongo unaenda kidogo kidogo, miaka thelathini baadaye msingi uko nje unaonekana mawe na maji ya paa yanadondokea hapo hapo yanachimba. Rudisha udongo, ushindilie uwe na mteremko unaoondoka ukutani, halafu mwagia zege jembamba kuzunguka nyumba, upana uzidi pale matone ya bati yanapodondokea, maji yapelekwe kwenye mtaro. Mkiweka gata na tanki ndo bora zaidi, bi mkubwa anapumzika kubeba ndoo. Nyufa zile nyembamba za plasta zisikutishe, ila ufa unaopanda ngazi ngazi kufuata tofali, au unaoingiza kidole, weka mstari wa penseli kwenye ncha zake na tarehe, pita masika moja uangalie kama umeongezeka. Ufa ukiwa umeongezeka, tatizo liko kwenye msingi, kuuziba na sementi ni kuuficha tu. Na ukuta wa tofali za tope usikimbilie kuupiga plasta ya sementi nene juu yake, haishikani vizuri na inafungia unyevu ndani, baada ya misimu michache inabanduka vipande vizima, bora plasta ya udongo yenye chokaa, na kama ni lazima sementi basi wapige waya wa kuku kwanza.

Baada ya maji, njia ya kutoka kitandani mpaka chooni. Hapa ndo pa kuweka hela yenu nzuri. Kama choo kiko nje na nafasi ipo, mjengeeni cha ndani au cha kuungana na nyumba, cha kukaa, kiti kiwe na kimo cha kama sentimita 45 ili asishuke sana magoti. Mlango ufungukie NJE, nasisitiza, kwa sababu mzee akianguka chooni mlango wa kufungukia ndani anauziba kwa mwili wake na hamuwezi kumfikia. Upana wake usipungue sentimita 80, leo anatembea, kesho anaweza kuhitaji kushikwa na mtu au kiti cha magurudumu. Vishikio weka bomba la chuma lililokitwa kwenye tofali na zege, sio kile cha skrubu mbili kwenye plasta, na kimo chake usikisie, msimamishe mwenyewe ameshusha mikono, pima usawa wa kifundo cha mkono. Sakafu ya chooni na bafuni hapana marumaru za kung'aa, tafuta zile za kukwaruza au acha sementi iliyopigwa fagio. Vizingiti vya milango ving'olewe, ngazi za mlangoni zote ziwe kimo kimoja maana mguu wa mzee umezoea hesabu, na kama mnaweka mteremko badala ya ngazi, kila sentimita 10 za kwenda juu zinataka kama mita 1.2 za urefu, chini ya hapo ni mlima.

Taa. Moja pembeni ya kitanda anaiwasha bila kushuka, nyingine koridoni, na chooni swichi iwe nje kabla ya mlango. Umeme ukiwa unakatika sana weka zile za sola zinazojiwasha mtu akipita. Waya za zamani zilizobabuka msizifunike na silingi mpya, aitwe fundi umeme mwenye leseni akague na erthi rodi, ile nondo inayochimbiwa kupeleka umeme ardhini, kama ipo.

Jikoni msimlazimishe. Bi mkubwa aliyepikia mafiga maisha yake yote ukimpelekea mtungi wa gesi anaweza kuufunika kitambaa akauweka sebuleni. Mpe gesi ya chai, sawa, lakini jiko lake la kuni mlifanyie dirisha kubwa na tundu la juu moshi utoke, na meza ya kimo chake aache kuinama.

Hela. Mteueni mmoja wa kushika, na mwingine tofauti wa kuwepo saiti, risiti zote zipigwe picha ziwekwe kwenye grupu siku hiyo hiyo. Michango haitalingana na isilazimishwe ilingane, mmoja ataleta milioni, mwingine ataleta mwezi mzima wa kusimamia mafundi, na huo nao ni mchango uandikwe. Andikeni pia, mbele ya mzee na mjomba au shangazi kama mashahidi, kwamba tunachotoa ni kumsaidia mzazi, nyumba inabaki ya kwake. Najua inaonekana kama kutafuta ugomvi ila ugomvi wenyewe unakuja baada ya mazishi, pale aliyeezeka bati anaposema nyumba ni yake. Fundi mlipeni kwa hatua, vifaa nunueni wenyewe, advansi iwe ndogo na kipande cha mwisho kibaki mpaka mvua moja inyeshe muone paa. Mfuko wa sementi wa kilo 50 ni kama ndoo moja na robo tatu za lita 20, kwa hiyo fundi akikwambia plasta ni moja kwa nne, yaani sementi moja mchanga nne, mfuko mmoja unakula kama ndoo saba za mchanga, hesabu ndoo usihesabu koleo. Na zege na plasta zimwagiwe maji siku saba, hii kazi mwachieni mjukuu wa pale nyumbani na mumlipe.

Mzee atakuwa humo humo, kwa hiyo chumba kimoja kimoja, na choo cha zamani hakivunjwi mpaka kipya kimeshatumika. Siku za vumbi na dawa ya mchwa apelekwe kwa jirani au kwa mtoto mwingine. Sanduku lake, hati ya kiwanja, picha, kanga zake, avifungashe yeye au mtu aliyemteua yeye, na msitupe kitu hata kama kwenu ni takataka.

Rangi ndo ya mwisho, plasta ikae wiki kadhaa ikauke kabisa, na rangi achague mwenye nyumba, akitaka ya kijani nje na pinki chumbani mpigieni. Bati mbili tatu zilizobaki, misumari na rangi ya akiba wekeni darini, namba ya rangi iandikwe kwenye kifuniko, na mwachieni yule anayeishi nae namba ya simu ya fundi paa.