Namna ya Kukagua Gari Dogo la Foo-wili Lisilo la Kawaida Kabla ya Kulinunua

Miongoni mwa magari madogo ya foo-wili yaliyotumika, yapo ambayo kila fundi ameyafungua mara nyingi na vipuri vyake vimejaa madukani, na yapo mengine yaliyotengenezwa kwa miaka michache, yakauzwa kwa idadi ndogo, kisha kiwanda kikaachana nayo. Suzuki X-90 ya miaka ya 1990, yenye viti viwili na paa la vioo linaloweza kutolewa, ni ya kundi hili la pili. Vivyo hivyo Nissan Rasheen, iliyotengenezwa kuanzia 1994 hadi 2000, na Isuzu VehiCROSS, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1997 na kukoma mwanzoni mwa miaka ya 2000. Anayelitamani gari la namna hii huambiwa mambo mawili yanayopingana: muuzaji humwambia kwamba ni adimu, kwa hiyo lina thamani, na rafiki humwambia kwamba halina spea, kwa hiyo aliepuke. Kauli zote mbili hazitoshi kufanyia uamuzi. Ugeni wa gari hauenei gari zima. Upo katika sehemu fulani na haupo katika nyingine, na kazi ya kwanza ya mnunuzi ni kujua umekaa wapi.

Anza basi na nasaba ya gari, hata kabla ya kwenda kulitazama. Viwanda havitengenezi gari lenye soko dogo kwa kubuni kila kitu upya, kwa sababu gharama yake isingerudi. Huchukua mitambo ya gari linalouzwa sana na kulivalisha bodi nyingine. X-90 ilikaa juu ya fremu na injini ya lita 1.6 ya Suzuki Vitara, gari ambalo Japani lilijulikana kama Escudo. Rasheen ilijengwa kwa mitambo ya Nissan Sunny, na VehiCROSS ilichukua sehemu nyingi kutoka Isuzu Trooper. Toyota Cami, ambayo wengi huiona ngeni, ni Daihatsu Terios yenye nembo ya Toyota. Anayeujua udugu huu hatafuti bomba la maji la Cami akalikosa. Atalitafuta kwa jina la Terios, na huenda akalipata siku hiyohiyo.

Faida ya nasaba, hata hivyo, haivuki mpaka wa mitambo. Kioo cha mbele, taa, bampa, raba za milango, plastiki za pembeni na vitu vidogo vya dashibodi mara nyingi ni vya modeli hiyo peke yake, na hapo ndipo ugumu wenyewe ulipo. Katika gari la kawaida fundi akisikia giaboksi inavuma huhuzunika, na akiona taa iliyopasuka haijali. Katika gari adimu mambo yanaweza kugeuka: giaboksi hupatikana kwa sababu imefungwa kwenye magari mengine mengi, ilhali taa ya mbele hutafutwa kwa miezi. Kwenye X-90 kwa mfano, raba zinazozuia maji kuingia kwenye vioo vya paa zinastahili kuchunguzwa kwa makini kama injini, maana zikishakauka na kupasuka, maji hushuka hadi kwenye zulia na nyaya zilizo chini yake.

Ili kuthibitisha nasaba, usitegemee maelezo ya muuzaji bali kibati cha utambulisho kilichobandikwa kwenye chumba cha injini au kwenye nguzo ya mlango. Kibati hicho hutaja modeli, aina ya injini, aina ya giaboksi na rangi. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani huwa na namba ya chesisi iliyo fupi kuliko namba ya tarakimu na herufi 17 inayotumika katika masoko mengi mengine, na herufi zake za mwanzo ndizo zinazotaja modeli. Omba picha ya kibati hicho mapema. Kisha ingia kwenye katalogi za vipuri za mtandaoni, tafuta vitu kama kioo cha mbele, taa, pampu ya maji, mkanda wa taiming, rejeta, shokamzoba na pedi za breki, na uangalie ni vipi kati ya hivyo vina namba moja na vya gari ndugu. Vile ambavyo hukuvipata viandike pembeni, kwa sababu ndivyo utakavyovitazama kwanza ukifika kwenye gari, na kwa jicho kali zaidi.

Baada ya nasaba, jambo linalodai muda mwingi ni mfumo wa kuvuta magurudumu manne, kwa kuwa magari mawili yanayofanana kwa nje huweza kuwa na mifumo tofauti kabisa. Upo mfumo ambao dereva mwenyewe huunganisha ekseli ya mbele na ya nyuma kwa kutumia mtaimbo (mkono unaofanana na wa gia) au swichi, na ambao haukusudiwi kutumika kwenye barabara kavu ya lami. Upo mfumo unaovuta magurudumu yote wakati wote, wenye difu ya katikati, yaani gia zinazoruhusu ekseli mbili kuzunguka kwa mwendo tofauti, kama ulivyo kwenye Terios ya kwanza, ambayo difu yake ya katikati inaweza kufungwa kwa swichi. Na upo mfumo unaovuta kwa ekseli moja hadi magurudumu yake yaanze kuteleza, ndipo nguvu ipelekwe kwenye ekseli ya pili. Honda HR-V ya kwanza hutumia aina hii ya tatu: ndani ya difu ya nyuma kuna pampu mbili za oili, moja ikizungushwa na ekseli ya mbele na nyingine na ekseli ya nyuma, na tofauti ya mwendo kati yao ndiyo inayofunga klachi ya magurudumu ya nyuma. Oili inayowekwa humo si oili ya kawaida ya difu. Aliyeweka oili isiyo yake, au aliyeiacha humo hadi ikachoka, husababisha mngurumo gari linapokata kona kali, na muuzaji asiyejua atakuambia kwamba sauti hiyo ni ya kawaida.

Jaribio lenyewe ni jepesi, lakini lazima lilingane na mfumo. Ikiwa gari ni la aina ya pili au ya tatu, tafuta uwanja mpana na mkavu, zungusha usukani hadi mwisho, kisha liendeshe polepole sana kwa mduara, kulia na kushoto, bila kukanyaga mafuta. Gari lisilo na kasoro linapaswa kuzunguka kwa wepesi. Likionekana kujizuia kama lililofungwa breki, au magurudumu yakirukaruka, huenda kiungo kinachogawa nguvu katikati kimekwama, na kukitengeneza si kazi ndogo. Ikiwa gari ni la aina ya kwanza, jaribio hilo kwenye lami huku ekseli zote zimeunganishwa halina maana, kwa sababu hata gari lisilo na kasoro litajizuia, na kulilazimisha kunaumiza transfa, sanduku la gia linalopeleka nguvu kwenye ekseli ya mbele na ya nyuma. Lipeleke kwenye changarawe au udongo mlaini, unganisha ekseli zote, ondoka kwa mafuta mengi kidogo na mwombe mtu atazame kama magurudumu ya mbele na ya nyuma yote yanarusha kokoto. Kama zipo gia nzito, zinazoandikwa 4L, simamisha gari, ziingize na uondoke. Mtaimbo wa transfa ambao haujaguswa kwa miaka mingi mara nyingi hukataa kuingia, au huingia na kuruka nje gari linapopanda.

Usikubali kamwe mtu apandishe ekseli moja tu kwa jeki na kuwasha gari linalovuta magurudumu manne ili kuonyesha kwamba yanazunguka. Gari linaweza kuchomoka kwenye jeki na kuua mtu.

Tairi nazo husema mengi juu ya mfumo huu. Gari linalovuta magurudumu yote linahitaji tairi nne za ukubwa mmoja na zilizolika kwa kiwango kinachokaribiana, kwa kuwa tairi iliyolika zaidi huzunguka mara nyingi zaidi kwa kila kilomita, na tofauti hiyo hulazimisha difu ya katikati au klachi yake kufanya kazi bila kupumzika. Soma vipimo vilivyo ubavuni mwa kila tairi, kisha soma tarakimu nne za tarehe: 2319 ina maana ya wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukikuta tairi mbili mpya mbele na mbili zilizokwisha nyuma, muulize mwenye gari zimekaa hivyo kwa muda gani, na jaribio la mduara ulifanye kwa uangalifu mara dufu.

Wakati mwingine ugeni haumo katika bodi bali katika teknolojia iliyokuwa mpya wakati gari lilipotengenezwa, na huo ndio ugeni unaohitaji tahadhari kubwa zaidi. Mitsubishi Pajero iO, iliyotoka mwaka 1998, iliuzwa na injini za GDI zinazonyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Kwa kuwa petroli haipiti tena juu ya vali za kuingizia hewa, haizisafishi, na masizi hujikusanya hapo hadi injini inatetemeka ikizunguka taratibu na kupoteza nguvu. Pampu yake ya mafuta ya shinikizo kubwa nayo haivumilii petroli chafu. Injini kama hiyo si ya kukimbiwa, lakini usiinunue kabla hujampata fundi aliyewahi kuifungua na kuisafisha. Kanuni hiyohiyo inahusu VehiCROSS na mfumo wake wa kielektroniki wa kugawa nguvu kati ya ekseli: sensa au kompyuta yake ikifa, uzoefu wa fundi kwenye Trooper za zamani zenye transfa ya kawaida hautamsaidia sana.

Injini yoyote iangaliwe ikiwa ya baridi. Fika mapema na uguse boneti. Kama ni ya moto, muuzaji amekwisha kuiwasha, na ni haki yako kusubiri ipoe. Moshi wa bluu unaashiria oili inayoungua, mweusi unaashiria petroli iliyozidi, na mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto unaashiria maji yanayoingia kwenye silinda. Fungua kifuniko cha oili na utazame kama kuna ute wa rangi ya maziwa. Uliza pia kama injini ina mkanda wa taiming au cheni, na kama ni mkanda, ulibadilishwa lini na ushahidi uko wapi. Pasipo ushahidi hesabu kwamba haujabadilishwa.

Mwashaji gari anapofungulia swichi kabla ya injini kuwaka, taa za tahadhari zote zinapaswa kuwaka kwenye dashibodi, kisha zizimike injini inapoanza. Taa ya injini isiyowaka kabisa huenda imetolewa makusudi. Mashine ya uchunguzi ni msaada mzuri, lakini fahamu kwamba OBD-II, mfumo sanifu unaoiwezesha mashine hiyo kusoma hitilafu za gari, ulilazimishwa Marekani kuanzia magari ya mwaka 1996 na kwa magari ya petroli ya Ulaya mwaka 2001, kwa hiyo gari la Japani la miaka ya 1990 huenda lisisomeke kwa mashine ya kawaida, na hilo peke yake si ushahidi wa kasoro.

Kisha lala chini. Sisemi inama, nasema lala, ukiwa na tochi, kwa sababu kutu ndiyo inayoua magari haya kuliko injini, na bodi adimu haina mbadala. Kwenye gari lenye fremu, fuata kila mhimili kutoka mbele hadi nyuma, ukigongagonga kwa mpini wa bisibisi: chuma kizima hulia kwa sauti kali, kilicholiwa hutoa sauti butu. Zingatia pale mikono ya ekseli ya nyuma inapofungwa, sehemu za juu ya magurudumu ya nyuma, na mahali bodi inaposhikana na fremu. Rangi nyeusi mpya iliyopakwa chini ya gari kuukuu ni sababu ya kutazama zaidi. Ukiwa ndani, vuta mikanda ya usalama yote hadi mwisho wake utafute alama ya tope, na utazame boliti za viti. Gari lililozama huweza kusafishwa likang'aa, lakini sehemu hizo husahaulika.

Safari ya majaribio iwe ya muda wa kutosha kupasha moto giaboksi, hasa ikiwa ni CVT, giaboksi ya otomatiki isiyo na gia za hatua hatua, ambayo ikichoka hutetemesha gari linapoondoka kutoka kusimama. Sikiliza mlio wa kugongagonga wakati wa kukata kona huku umekanyaga mafuta, dalili ya sivi jointi (viungo vinavyopeleka nguvu kwenye magurudumu) zilizokwisha, na uachie usukani kidogo kwenye barabara iliyonyooka uone kama gari linavuta upande.

Mwisho rudi kwenye orodha uliyoiandika nyumbani na upange bei upya. Kasoro ya mitambo inayotokana na gari ndugu ipunguze bei kwa gharama ya kawaida ya kuitengeneza. Kasoro ya kitu ambacho hukukipata kwenye katalogi yoyote usiikadirie kwa kubahatisha: ama muuzaji akipate yeye, ama ukubali kwamba gari litabaki hivyo na bei ilingane na hali hiyo, ama uliache. Hakikisha namba iliyogongwa kwenye chesisi ni ileile iliyo kwenye kibati na kwenye kadi ya gari, na kwamba jina lililo kwenye kadi ni la anayekuuzia au la mtu aliyempa idhini ya maandishi. Ukishalipa, badilisha oili ya injini, ya giaboksi, ya transfa na ya difu zote mbili kabla ya safari yoyote ndefu, kila moja kwa aina iliyotajwa na kiwanda, na uikague oili ya zamani inapomwagwa kama ina vipande vya chuma.