Kabla ya kubomoa nyumba ya shambani, tafuta mashimo ya choo
Vyoo vya zamani shambani mara nyingi vilifunikwa kwa mbao, kisha udongo na majani. Mbao zimeoza, katapila la tani 20 likipita juu, linatumbukia. Waulize wazee waliowahi kuishi hapo, halafu chomachoma ardhi kwa nondo ya mita 1.5 katika njia yote mashine itakayopita. Ukipata shimo, weka vigingi na utepe mbali na ukingo, kwa sababu kingo nazo humeguka. Lijaze moramu (udongo wenye changarawe), ukishindilia kila tabaka la sentimita 30. Usitupe humo taka: zikioza ardhi inatitia. Umeme ukatwe kwenye nguzo na shirika lenyewe, kuzima meinswichi hakutoshi. Na paa la asbesto (mabati ya saruji yenye nyuzi ambazo vumbi lake hudhuru mapafu) lilowanishwe, lifunguliwe kwa mkono bila kuvunjwa, kabla mashine haijafika.