Bango la vidakuzi lisiwe pambo: somo kwa wenye tovuti

Wakuu, tovuti nyingi zina bango la kuomba ridhaa ya vidakuzi, au kuki kama wengi tunavyoziita (vifaili vidogo ambavyo tovuti huweka kwenye kivinjari cha mgeni), lakini ni pambo tu: mgeni hajagusa kitu na tayari anafuatiliwa. Kazi iko nyuma ya bango, tuanzie huko.

Hatua ya 1: Kagua. Fungua tovuti yako kwenye dirisha fiche la Chrome, bonyeza F12, ingia kichupo cha Application, kisha Cookies. Usiguse bango. Ukiona _ga (ya Google Analytics, hupangiwa miaka 2 ingawa Chrome huikatia kwenye siku 400) au _fbp (ya Facebook, siku 90), umeshavuja. Angalia na Local storage, hifadhi nyingine ya kivinjari, maana sheria ya Ulaya inahusu chochote kinachohifadhiwa au kusomwa kwenye kifaa cha mtu. Usiishie ukurasa wa mwanzo. Fungua na ule wenye video au ramani.

Hatua ya 2: Tenga. Kikapu cha manunuzi na kuingia kwenye akaunti havihitaji ridhaa. Takwimu na matangazo vinahitaji. Usiiite Analytics "ya lazima": ni lazima kwako, si kwa mgeni.

Hatua ya 3: Zuia skripti. Hapa ndipo wengi huanguka. Ipe kila skripti (kipande cha msimbo) ya ufuatiliaji type="text/plain"; kivinjari kitaiona kama maandishi tu na hakitaiendesha. Mgeni akikubali, bango liunde skripti mpya yenye maudhui yaleyale na kuiingiza kwenye ukurasa. Kubadili type ya ile ya zamani peke yake hakuiamshi. Kisha tafuta nakala: mara nyingi msimbo uleule umebandikwa kwenye kichwa cha theme (kiolezo cha mwonekano wa tovuti) na tena ndani ya Tag Manager, zana ya Google ya kupakia skripti, ukizima mmoja mwingine unaendelea kimyakimya. Video za YouTube ziwekee picha yenye kitufe, zipakiwe mtu akibonyeza.

Hatua ya 4: Vitufe. "Kubali" na "Kataa" vikae pamoja, ukubwa sawa. Januari 2022 CNIL, mamlaka ya faragha ya Ufaransa, ilitangaza faini ya yuro milioni 150 kwa Google na milioni 60 kwa Facebook, kwa kuwa kukataa kulitaka mibonyezo mingi kuliko kukubali. Visanduku vilivyotiwa tiki mapema navyo havifai. Mahakama ya Haki ya Ulaya ililimaliza hilo Oktoba 2019.

Hatua ya 5: Tunza ushahidi. Hifadhi tarehe, toleo la bango na chaguo. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtwika mwenye kukusanya data mzigo wa kuthibitisha ridhaa. Chini ya kila ukurasa weka kiungo cha kubadili chaguo. Halafu rudia hatua ya 1, safari hii ukibonyeza "Kataa".

MASWALI

Swali: Nina kampuni ya utalii Arusha, seva iko hapa hapa. Sheria ya Ulaya inanihusu vipi?
Jibu: Mkuu, ukiwauzia safari watu walioko Ujerumani, kwa Kijerumani na bei za yuro, inakuhusu, seva ilipo si hoja. Na ya nyumbani ipo: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inatumika tangu Mei 1, 2023, na inakutaka ujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Swali: Nimeweka plagini ya kashe (inayohifadhi nakala za kurasa) kwenye WordPress, bango halitokei kwa wageni wengine.
Jibu: Bango lako linaamuliwa na PHP, yaani kwenye seva. Mgeni wa kwanza alikubali, ukurasa wake usio na bango ukahifadhiwa, wengine wote wanapewa huohuo. Uamuzi ufanyike kwenye kivinjari, kwa JavaScript.

Swali: Mtu akiondoa ridhaa, _ga haifutiki.
Jibu: Unaifuta kwa domeni isiyo yake. Imewekwa kwenye .mfano.co.tz, wewe unafuta www.mfano.co.tz. Domeni na path (njia ya ukurasa) lazima vilingane na vya mwanzo.

Swali: Wenye iPhone wanalalamika bango linarudi kila baada ya wiki.
Jibu: Safari, kivinjari cha iPhone, hufuta baada ya siku 7 vidakuzi vilivyowekwa kwa JavaScript. Chaguo liwekwe na seva yako yenyewe kwa Set-Cookie, lipe miezi 6.