Jinsi ya kurudia vile vitabu vya gemu vya utotoni

Kama ulikua ukisoma vile vitabu ambavyo we mwenyewe ndo shujaa, ukitaka kufungua mlango unaruka hadi kipande chenye namba fulani, basi virudie jamani, raha yake bado ipo palepale. Anza na The Warlock of Firetop Mountain cha Steve Jackson na Ian Livingstone, kilitoka Uingereza 1982, kina vipande 400 na sheria zake nyepesi tu.

Tafuta dadu mbili, penseli na raba. Shujaa wako anaanza na namba tatu za kurushia dadu: ustadi ni dadu moja jumlisha 6, uhai dadu mbili jumlisha 12, bahati dadu moja jumlisha 6. Ukipata nakala ya mtumba ukakuta mtoto wa watu kashaandika namba zake, usifute, we tumia daftari, mi hizo namba za zamani nazipenda mno.

Kupigana sasa: rusha dadu mbili ujumlishe ustadi wako, mrushie na adui, mwenye kubwa kapiga na aliyepigwa anapoteza uhai 2.

Ila cha muhimu kuliko vyote ni ramani. Chora kila njia panda na namba yake, maana hadithi yenyewe iko ndani ya mlima, na mle mlimani kuna mzingile unazungusha balaa na mwishoni zinatakiwa funguo, kama ulizipita huko nyuma ndo basi tena unaanza upya. Na usiache kidole ukurasa wa nyuma ili urudi ukifa, ukifa we kufa kweli, utamu uko hapo. Kama una mtoto msomee kwa sauti, yeye ndo achague njia na arushe dadu.