Kurekodi kifafa kwa simu, nilivyojifunza kwa mdogo wangu

Daktari hapa Wete, Pemba, alipouliza kifafa cha mdogo wangu humchukua muda gani, mama alisema nusu saa. Mimi nikasema dakika kumi, na niko tayari kuapa. Siku niliyomrekodi, simu ilionesha dakika 1 na sekunde 40.

Kikimwangusha, kwanza mgeuze alale ubavu, ondoa jiko na vyombo karibu yake, mtie kanga chini ya kichwa. Kijiko mdomoni hapana, wala kumkamata mikono. Kisha ndiyo simu. Ukiwa peke yako, iegemeze kwenye ndoo irekodi yenyewe. Chukua mwili mzima, si uso tu: daktari anataka kuona macho yamegeukia wapi na mkono upi umeanza kukakamaa. Mimi husema kwa sauti, "Wa kushoto umeanza," maana taa za kwetu ni hafifu. Usizime mtikisiko unapoisha. Namna anavyozinduka, anavyochanganyikiwa, nayo daktari anaihitaji. Zikipita dakika 5, au kikirudi kabla hajazinduka, achana na simu, tafuta gari ya hospitali.

Saa ya mkononi nilimnunulia sokoni Darajani, ya bei rahisi. Inahesabu mapigo ya moyo kwa kile kitaa cha kijani, na usingizi inaukisia kwa mkono unavyotulia. Kifafa haikitambui. Zipo zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, ila hizo nazo hukamata kile cha kutikisika mwili. Mtoto anayeduwaa sekunde chache tu zinampita.

Faida niliyoiona ni kwenye usingizi. Kupanda juu ya mikarafuu aliachishwa zamani, lakini msimu ukifika alikuwa anakesha na wenziwe kuchambua karafuu. Nililinganisha saa na daftari langu: mara tatu kati ya nne alizoanguka, usiku wa kabla yake alilala chini ya saa 4. Sasa anachambua mchana. Kengele ya dawa iko kwenye simu yake na yangu, asubuhi na usiku, kwa sababu yake huishiwa chaji.

Video ya kwanza binamu yetu aliirusha kwenye kundi la familia. Wiki nzima kijana hakutoka barazani. Siku hizi zinakaa kwenye simu yake, kwa nywila yake, na daktari hazioni mpaka yeye akubali. Majina anayaandika mwenyewe. Ya mwisho ameiita "Baada ya futari, kushoto, dakika 2".